Mwanya Wangu Si Jino Bovu

Cheyo, Tabora
6 Mei, 1936

Kwa Bwana Mhariri mwenye gazeti,

Salaam nyingi, na nyuma ya salaam ni habari zangu. Mimi ni mzima kabisa, ila shavu la kulia limenenepa kidogo kuliko la kushoto, na hilo nitalieleza mahali pake. Naomba usitazame ukubwa wa herufi zangu. Nilijifunza kusoma nikiwa tayari na mvi, kwa kitabu cha mjukuu wangu Flavia, na herufi nilizozizoea ni zile kubwa za ubaoni. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenishika. Leo ni siku ya nne naiandika.

Jina langu ni Alois Kashindye, mwana wa Lugembe. Ukifika Tabora, uliza mtu yeyote mwenye umri. Nimekwenda pwani kwa miguu mara saba, kabla gari la moshi halijajulikana huku, nikiwa na mzigo begani kwenda na mzigo begani kurudi. Safari ya kwanza sikuwa nimeota ndevu, na nilibeba pembe ya ndovu ambayo watu wazima wawili walikuwa wameikataa. Tulipofika Bagamoyo mwenye mali akauliza, pembe hii imeletwa na nani? Nikasema, na mimi. Akakaa chini. Siyasemi haya kwa kujisifu, nayasema ili ujue unasomeshwa barua na nani.

Sasa nakuja kwenye shauri. Katika gazeti lako la mwezi wa Aprili, ukurasa wa tatu, kuna maandishi yanayoitwa "Maneno ya Meno na Maana Yake." Aliyeyaandika ni Hilari wa Lusu, karani wa Daktari Narendra. Daktari huyu ni mganga wa meno aliyekuja kwa gari la moshi, na sasa ni wiki ya tatu ameweka kiti chake katika baraza ya duka la nguo la Bwana Vinod. Ataondoka Jumatatu. Katika maandishi hayo Hilari anaeleza maneno ya waganga wa meno, moja moja, hili maana yake hivi na hili maana yake vile. Na watoto wa shule wanayasoma kwa sauti wakipita mbele ya nyumba yangu.

Hilari mwenyewe si mtu wa mbali na mimi. Jumamosi ya tarehe 16 mwezi huu atamwoa Flavia kanisani, naye Flavia, kama babu yeyote atakavyokuambia, ni mke wangu. Kwa hiyo Hilari ni mume mwenzangu. Sikumkataa, ingawa ni mwembamba. Nilisema, ana baiskeli, na anasalimia vizuri. Sikujua kwamba anaandika.

Kabla sijahesabu malalamiko, lazima nikueleze kinywa changu, maana hujakiona.

Meno yangu mawili ya mbele, ya juu, yamechongwa. Kila moja limepunguzwa upande wa ndani, katikati ikabaki nafasi ya pembe tatu, mfano wa mlango wa hema. Mjomba wangu aliuchonga mwanya huu kwa patasi ndogo na kijiwe, wiki moja kabla ya safari yangu ya kwanza. Hakuna aliyenishika mikono. Miguu walinishika. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama yetu wapagazi wa huku. Ukikutana na mtu kule Ugogoni, hujui kwao wala humjui baba yake, akicheka tu ukauona mwanya, unampa maji yako anywe nusu. Mimi nimenyweshwa hivyo, na nimenywesha.

Tena mwanya huu una kazi. Unapigiwa mluzi. Anayetangulia anapiga mara moja, ndefu, na mtu wa mwisho kabisa katika msafara anajua wakati umefika, anainua mzigo wake. Mluzi wangu ulikuwa unafika mpaka nyuma kwenye mbuzi. Kazi ya pwani ilipokwisha sikuuacha. Binti zangu wawili, siku zao za arusi, walitoka nyumbani kwa mluzi huo, mimi mbele, wao nyuma, mpaka mlango wa kanisa. Flavia alipokuwa na miaka sita alinitaka niahidi kwamba siku yake nitampigia na yeye. Niliahidi.

Basi, malalamiko.

1. Hilari anaandika: "Kutoboka ni jino kuingia tundu. Tundu huanza dogo, haliumi, na mwenye jino huwa hajui." Hapa ametudharau wenye meno. Mimi nilijua kila kisima kutoka hapa mpaka baharini, na kila kisima kibaya kwa jina lake, nisijue tundu lililo ndani ya gego langu mwenyewe? Nalijua tangu mwaka juzi. Linaingia punje moja ya ulezi, na mara nyingine mbili. Nilikuwa nalichokoa kila nikimaliza kula, na tulikuwa tunaishi vizuri.

2. Anaandika kwamba tundu hilo ni "kuoza." Anasema mabaki ya chakula, hasa vitu vitamu, yakikaa kwenye jino huzaa uchachu kama wa maziwa yaliyolala, na uchachu huo hula gamba jeupe la juu ya jino, kisha hula na ndani. Nauliza kwa heshima, neno hili kuoza huambiwa mtu mzima? Embe huoza. Paa la nyumba huoza. Jino la mtu aliyekula nyama ya kiboko iliyokaushwa miezi minne, akaitafuna pamoja na mkanda ulioifunga, jino hilo huchoka. Naomba liandikwe "limechoka." Nimemwambia Hilari jambo hili njiani, akashuka kwenye baiskeli, akanijibu, "Babu, nikiandika limechoka watu watalipumzisha." Nikamwambia, sasa kuna ubaya gani?

3. Ukoga. Anaandika kwamba ukoga ni utando unaoganda juu ya meno ya mtu asiyepiga mswaki, ukikaa sana unakuwa mgumu kama chokaa, na unasukuma ufizi. Ufizi, anaeleza, ni ile nyama nyekundu inayoshika meno. Hata mbuzi anajua ufizi ni nini. Lakini neno hili la ukoga limeingia nyumbani kwangu. Flavia sasa ananitazama kinywani kila asubuhi kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Ameninunulia mswaki wa brashi, wa dukani. Nimeufanya wa kukorogea maji ya bata, maana mimi natumia mti, na mti nauchagua mwenyewe.

4. Hili lilikuwa kubwa sana, ila nimelisahau. Gego lilipiga nilipokuwa naliandika. Nitalirudia.

5. Mzizi, na jino kufa. Anaandika kwamba jino lina mzizi ndani ya taya, na ndani ya mzizi kuna mshipa wa fahamu ambao ndio unaoleta maumivu. Tundu likifika kwenye mshipa, jino huuma sana, kisha hufa. Likifa, usaha hukusanyika chini ya mzizi, shavu huvimba, na sumu yake inaweza kwenda mwilini na kumwangusha mtu mzima kitandani, wengine wasiinuke.

Bwana Mhariri, mimi nimeona waliokufa. Nimewazika njiani, rafiki zangu, wengine kwa mikono na kipande cha kibuyu. Hakuna hata mmoja aliyenisumbua baadaye. Gego langu linaniinua kwenye kiti nikiwa nimekaa. Linanilaza nikiwa nimesimama. Jumapili iliyopita lilinifanya nitoe sauti kanisani mahali ambapo padre alikuwa ametulia, na watu wa benchi la mbele wakadhani ni wimbo, wakaitikia. Hiyo ni kazi ya maiti? Jino langu ni zima kuliko Raymundi jirani yangu. Ama Hilari atafute neno jingine, ama aje alitazame akiwa amekaa mbali kidogo.

Na shavu, nimekwisha kusema, limenenepa. Mke wa mwanangu, mjomba wake Flavia, anapika vizuri siku hizi.

6. Anaeleza aina za meno: ya mbele hukata, chonge hurarua, magego husaga. Hapa sina lalamiko, ila namba nilikuwa nimekwisha kuiandika.

7. Ganzi. Ndugu wasomaji, lisomeni hili pole pole. Anaandika: "Ganzi ni dawa ya sindano inayofanya mahali pa kinywa pasisikie kitu. Mganga atafanya kazi yake, na mgonjwa hatajua linalofanyika." Ameandika kwa furaha, kana kwamba ni habari njema! Mtu akae, afumbue kinywa, mwingine aingize mikono na vyuma, na mwenye kinywa asijue linalofanyika? Katika safari, mzigo ukifunguliwa mwenyewe akiwa hana habari, hatukuwa tunaita ganzi. Tulikuwa na neno lake, na mtu alifungwa kwa neno hilo.

8. Sasa nimefika kwenye lalamiko lenyewe, na kwa ajili ya hili nimeandika siku nne.

Wiki iliyopita nilikwenda barazani kwa Bwana Vinod. Sikwenda kwa ugonjwa. Nilikwenda kuonyesha. Hilari alinialika kwa adabu, akasema, "Shikamoo babu, njoo Daktari aone meno ya watu wa zamani." Nikavaa kanzu. Nikakuta watu wengi kwenye mabenchi, kila mtu ameshika shavu lake kama ameshika kuku wa kuazima. Nikawaambia wote, tazameni kinywa ambacho hakijajua mganga tangu kizaliwe. Nikakaa kitini, nikafumbua.

Daktari Narendra akaingiza kioo kidogo chenye mpini. Akahesabu. Akamwambia Hilari maneno ya Kiingereza, Hilari akaandika. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha Daktari akaligonga gego langu la chini, la kulia, kwa kichuma. Nikainuka. Watu wa mtaani wanasema niliruka. Niliinuka, kwa sababu nilidhani nimemwona mtu ninayemfahamu akipita njiani, nikataka kumwahi. Ndiyo maana nilipaza sauti.

Raymundi alikuwa kwenye benchi. Raymundi huyu ni askari wa zamani, hana jino hata moja la mbele, amekuja kuangalia watu tu. Akasema kwa sauti ya kwata, "Jamani, msafara umekanyaga mwiba!" Baraza nzima ikacheka. Hata Bwana Vinod, aliyekuwa anapima amerikani, akapoteza yadi zake, akaanza upya.

Hilari akanipa cheti, akataka kunisomea. Nikamwambia, mume mwenzangu, mimi nasoma mwenyewe. Nikakifungua mbele ya watu wote, nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti, bila kukosea. Umeandikwa hivi: "Meno mawili ya mbele, ya juu: yamepungua." Nikakikunja. Mstari wa pili wa nini? Mtu akiona mkia wa nyoka hangoji aonyeshwe kichwa. Cheti hicho kiko ndani ya sanduku langu, chini ya blanketi, na huko kitakaa.

Kwa maana fungua tena gazeti lako, ukurasa wa tatu, tazama chini. Imeandikwa: "Kuziba. Jino lililopungua kwa kutoboka au kuvunjika husafishwa, likatiwa dawa ngumu, likawa kamili kama mwanzo." Umeona? Yangu yamepungua. Lililopungua huzibwa. Mjomba wangu, aliyekalia kifua changu akichonga kwa subira tangu jua linachomoza mpaka limesimama utosini, ameandikwa kuwa ni ugonjwa.

Ndiyo maana sikurudi kwenye kiti. Nieleweke vizuri. Siogopi kung'olewa gego. Mtu aliyechongwa kwa patasi ataogopa koleo? Lakini nikikaa kwa ajili ya gego, watanipiga sindano ya ganzi. Nikiwa na ganzi sitajua linalofanyika, na hayo si maneno yangu, yamechapwa. Na nikiinuka kitini nitacheka na watu, mwanya haupo.

Nisipokaa, nako kuna jambo. Jumanne nilijaribu mluzi uani. Shavu halikukubali. Ulitoka upepo mtupu, kama wa mfuko wa mhunzi. Nadhani ni vumbi. Raymundi alikuwa upande wa pili wa ua, akasikia kwamba hakuna kilichosikika. Leo asubuhi amempelekea Flavia salamu kwamba asiwe na wasiwasi, yeye anayo firimbi yake ya uaskari, imeng'arishwa, na Jumamosi atakuwa tayari kutangulia. Firimbi ya kukamatia wezi! Mjukuu wangu atoke nyumbani kwa babu yake kama mtu anayepelekwa korokoroni.

Flavia amenifunga shavu kwa kanga yake ya arusi, ile mpya, akasema ni kwa ajili ya baridi. Hakuna baridi Tabora mwezi wa Mei wakati wa mchana. Nilimwona tu anavyofunga fundo, taratibu, kama anayefunga mzigo usiotakiwa kuvunjika.

4. Nimelikumbuka. Ni meno ya kubandika. Hilari anaeleza kwamba mtu asiye na meno anaweza kutengenezewa mengine, akayavaa kinywani na kuyavua. Raymundi amesikia, na sasa anasema ataagiza yenye mwanya. Yenye mwanya, Bwana Mhariri! Mtu ambaye safari yake ndefu ilikuwa kutoka kambini hadi stesheni! Hili naomba likatazwe kwa amri.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba haya yafuatayo. Uandike katika gazeti lako lijalo, kwa herufi kubwa za ukubwa wa hizi zangu, kwamba mwanya wa wapagazi si tundu, si pengo, si ugonjwa, na hauzibwi. Neno "kuoza" liondolewe kwa watu wote waliofika Bagamoyo kwa miguu. Wengine wataendelea kuoza. Mganga yeyote wa meno, kabla hajafumbua kinywa cha mpagazi, abebe kwanza mzigo wa frasila mbili kutoka hapa mpaka Tura, arudi, na akirudi tutaona kama mikono yake bado inataka kugonga gonga. Bwana Mkubwa wa Wilaya auandike mwanya wangu katika kitabu chake pamoja na barabara na madaraja, kwa kuwa ulifanya kazi ya barabara kabla barabara haijakuwapo. Na likishindikana hilo, basi gari la moshi lisimamishwe Jumamosi ya tarehe 16 kuanzia saa mbili mpaka saa nne asubuhi, lisipige honi yake, ili kama mluzi wangu utatoka mdogo, watu wausikie.

Hilo la mwisho ndilo ninaloliomba zaidi.

Sina la ziada. Nisalimie wote wanaokaa katika nyumba ya gazeti, wanaopanga herufi na wanaokunja karatasi, wenye meno na wasio na meno. Nisalimie mkeo, na watoto, waambie wasile sukari guru kabla hawajalala, si kwa sababu Hilari ameandika, ila mimi nimeona. Nisalimie na posta.

Aliyekubebea barua hii mpaka mwisho,

Alois Kashindye, mwana wa Lugembe,
mpagazi, mara saba pwani

Nyongeza, Jumatatu, 11 Mei

Bwana Mhariri, barua hii haikutiwa posta siku ile. Nilimpa Flavia aipeleke. Yeye akaisoma kwanza, akiwa amesimama mlangoni, ukurasa hadi ukurasa, na uso wake sikuuelewa. Kisha hakwenda posta. Alikwenda kwenye sanduku langu, akainua blanketi, akakitoa cheti, akanisomea chote.

Mstari wa kwanza ni kama nilivyousoma. Sikukosea. Mstari wa pili unasema: "Yalichongwa makusudi, ni alama ya wapagazi. Daktari asiyaguse." Wa tatu unasema: "Gego la chini, kulia, limekufa, lina usaha. Ling'olewe upesi." Na nyuma ya cheti, kwa mkono wa Hilari mwenyewe, herufi ndogo ndogo: "Babu atakataa. Aombwe tena kwa upole, nasi tumngoje."

Flavia akakunja cheti, akasema, "Twende, mume wangu." Nikavaa kanzu.

Nilikaa kitini Alhamisi. Sindano ilikuwa kama kuumwa na siafu mmoja asiye na bidii. Mdomo ukawa wa mtu mwingine. Nilikuwa bado namngoja Daktari aanze kazi, akanionyesha gego mkononi mwake. Tundu lake linaingia punje tatu za ulezi, sikuwa nimepima vizuri. Wakati wote Hilari alikuwa ameshika kioo mbele yangu, niuone mwanya wangu tangu mwanzo hadi mwisho, nami niliutazama bila kupepesa. Daktari naye aliutazama. Akamuuliza Hilari jambo, Hilari akanifasiria kwamba Daktari anataka kumjua fundi, maana pande zote mbili zimetoka sawasawa. Nikamtajia mjomba wangu. Akauchora katika daftari lake, na jina la mjomba akaliandika chini.

Usaha ulitoka mwingi. Flavia anasema nilikuwa na homa siku sita na kila mtu nyumbani alijua isipokuwa mimi. Sasa shavu limerudi, na wali nautafuna kwa upande wa kushoto. Raymundi alikuwa kwenye benchi kama kawaida yake. Nikamwambia, ndugu yangu, usiogope, si kitu, ukipata jino njoo uling'oe.

Kwa hiyo ninakuomba ufute lalamiko la kwanza, la pili, la tatu, la tano, la saba na la nane. Ubakize la sita. La nne pia liache, lile la Raymundi. Lakini ukiona huna budi kuichapa barua yote kama ilivyo, maana ni kazi ya siku nne na karatasi imejaa, basi jina langu litoe, weka la Raymundi. Yeye hasomi.

Honi ya gari la moshi wasiizuie. Waipige tu. Leo asubuhi nilijaribu mluzi uani, mara moja, ndefu, kama zamani. Kuku walikimbilia jikoni. Flavia alikuwa anatoka kisimani, akaishusha ndoo, akasimama wima mbele yangu, akasema, "Haya babu, mzigo uko tayari." Nikamwambia airudishe ndoo kichwani. Jumamosi bado.